Safu ya Saba

Siku tuliyokuzika sikulia.
Nilihesabu viti vya kukodi,
nikamlipa mwenye turubai,
nikasema asanteni, asanteni.

Wiki ya tatu mbuzi wa Ndahani
akaingia shamba la Hombolo
akatafuna safu ya saba,
ile uliyoipanda wewe, Mbeleje,
ikaenda upogo kwa sababu ulikuwa ukinicheka.

Nilimfukuza kwa mawe, kwa matusi,
kisha nikakaa vumbini
nikalia
hadi mbuzi akarudi kunitazama.

Leo nimepogoa.
Mzabibu ukikatwa hudondosha maji mchana kutwa.
Bwana shamba kasema usiuzibe,
unajua wenyewe lini utanyamaza.

Nyumbani bado napika mlenda wa watu wawili.
Safu sijainyoosha.