Toleo la Machi

Ghorofa ya nne, mjini Łódź, theluji ikipapasa dirisha,
Bogumiła anafuta watu kwa mshahara.
Leo ni mwanamke mmoja, jikoni, ameshika sufuria.

Barua ya Seoul: mng'arishe, kidevu kichongoke.
Barua ya São Paulo: mtie jua ngozini, nyonga ziongezwe.
Istanbul wanataka mikono ya blauzi ifike viganjani.
Stockholm wanataka madoadoa yarudi,
yale yale aliyoyafuta jana kwa ajili ya Milano;
"aonekane wa kweli," wameandika, "lakini kiasi."

Anakata, anaongeza. Chai imepoa.
Kovu dogo juu ya nyusi amelifuta mara tano,
sasa amelizoea kama jirani.
Lilitoka wapi: mlango? baiskeli? mtu?
Hakuna barua inayouliza.

Saa nane za usiku anazipanga sura zote kwenye kioo cha kompyuta:
wanawake sita wasiofahamiana,
waliozaliwa na tumbo moja, asubuhi ile ile.
Ngozi zimehitilafiana, pua zimehitilafiana,
hata rangi ya pazia.

Sufuria tu haikuguswa.
Hakuna nchi iliyosema: mtue.

Bogumiła anajaribu. Anaifuta taratibu, mpini kwanza,
kisha mvuke.
Mikono inabaki hewani, mitupu,
kama ya mtu anayetaka kusema jambo
na hajapewa sentensi.

Hahifadhi. Ana kodi ya nyumba.

Ila lile kovu, katika nakala ya Warszawa,
amelisahau makusudi.