Maagizo kwa Fundi Chitanda

Fundi, kabla hujafungua ngazi kwenye baiskeli,
tuelewane: hela ni ya malipo ya pili ya korosho,
na malipo ya pili unayajua,
huja yamekonda kama mgeni aliyeumwa njiani.
Kwa hiyo usinichoree nyumba ya mbunge.
Hapa ni Newala, nyuma ya ghala la chama,
nyumba ni ile ile ya fito na udongo
aliyoikandika marehemu baba.
Nataka kuirekebisha, siyo kuiaibisha.

Anza na kizingiti. Kichonge kiishe.
Mama amejikwaa hapo mara tatu tangu Ramadhani,
na kila akijikwaa hukiomba radhi,
kana kwamba yeye ndiye aliyekaa njiani.

Halafu swichi.
Yule kijana wa umeme aliiweka usawa wa bega lake mwenyewe,
na yeye ni mrefu, kama alikulia kisimani.
Mama huwasha taa kwa mpini wa mwiko.
Ishushe.
Mwite asimame ukutani, anyooshe mkono bila kujikaza,
kidole kitakapogota weka alama ya mkaa.
Hicho ndicho kipimo. Futi yako iache mfukoni.

Sakafu, mifuko minne ya saruji.
Usinitajie marumaru.
Kwa Sharifa wameweka marumaru, mumewe akaangukia kiuno,
sasa ananyata sebuleni kama mwizi kwake mwenyewe.
Mimi nipigie niru, tia rangi nyekundu,
na usiku wa kwanza mfungie kuku.

Sasa nisikilize vizuri,
maana hapa ndipo pesa inapokwenda.
Toa nyasi, weka bati.
Pembeni mfereji, uinamishe kidogo, kidogo tu,
kama mtu anayesikiliza umbea na hataki aonekane.
Mwisho wa mfereji bomba,
chini ya bomba tangi, lita elfu mbili, jeusi.

Unacheka? Lita elfu mbili kwa bibi mmoja?
Fundi, wewe umekuja Newala juzi, na bomba.
Mama alishuka bonde hili jogoo wa kwanza,
akapanda jua likiwa usoni,
ndoo moja, na nusu yake imemwagikia mgongoni.
Maji ya kutulea sisi sita
yalipanda mlima kwa shingo yake.
Mwangalie utosini akivua ushungi:
pale ilipokaa kata, nywele zilihama,
hazijarudi mpaka leo.
Na miaka yote hiyo mvua ilitunyeshea juu ya vichwa,
ikapenya kwenye nyasi, ikageuka rangi ya chai,
ikaenda zake bondeni kumsubiri.

Yeye mwenyewe hataki bati.
Anasema lina makelele, mvua ikija tutaongeaje?
Nikamwambia: tutanyamaza, mama, tutahesabu ndoo.
Akanitazama kama mtoto aliyejibu hesabu
kwa kubahatisha, akapata.

Maji ya kwanza usiyaelekeze tangini,
yaache yaoshe vumbi la bati.
Hilo kasema yeye. Bati halitaki,
lakini masharti yake keshayapanga.

*

Fundi, umeondoka, umebakiza dari, nami nimebakiza deni.
Wiki ya tatu sasa, mvua haijaja,
anga jeupe kama kitako cha sufuria iliyosuguliwa mchanga.
Lakini kila magharibi mama hutoka uani,
hugonga tangi kwa kifundo cha kidole,
ko, ko,
huweka sikio.
Tupu.
"Hodi hata hivyo," huliambia,
kisha hurudi ndani,
hapiti akimwomba mtu radhi mlangoni,
na taa huwaka,
na mwiko uko jikoni, unasonga ugali.