Walikifukia, Hawakukiambia

Kabla ya usiku ule wa Januari
hakuna mtu Mtaa wa Radich, magharibi ya Auckland,
aliyewahi kuyazungumzia maji.
Tulizungumzia bei za nyumba. Paka wa Ngaire.
Mvua ilijua njia yake:
paa, mlizamu, mtaro, kwaheri.

Usiku ule mtaro ulitapika.
Kifuniko cha chuma kilichezacheza
kama mfuniko wa sufuria ya wali,
kikalala ubavu,
na barabara ikaanza kuteremka yenyewe,
nyeusi, imebeba mapipa ya taka
na trampolini ya watoto wa Faleolo
ikizunguka polepole
kama mgeni anayetafuta namba ya nyumba.

Kwa bibi Zorka, nyumba ya mwisho bondeni,
maji yalibisha hodi mlangoni,
kisha yakaingilia dirishani.
Tavita Faleolo alimtoa mgongoni,
yeye na redio yake na picha ya marehemu Marijan.
Kwangu, juu kidogo, hata zulia halikulowa.
Nilimshukuru Mungu. Nikalala.

Halmashauri ikamleta mhandisi, Roimata Pene,
buti zake zina tope la mitaa mingine.
"Bomba lenu ni la mwaka sitini na moja," alisema,
"upana wake inchi kumi na mbili.
Lilipimiwa nyumba tisa na mashamba ya mizabibu.
Leo nyumba ni sitini na nne,
mizabibu iko wapi?"
Alitaka miezi kumi na minne ya kuchimba.
Alitaka mita sita za nyuma ya nyumba zetu.

Mimi ndiye niliyesimama ukumbini kupinga.
Nilikuja na karatasi. Nilitaja kelele, vumbi, thamani ya ua,
nikauliza: mvua ya karne huja mara ngapi kwa karne?
Watu walipiga makofi.
Zorka, nyuma kabisa, kwenye kiti cha plastiki, alisema tu:
"Kuna kijito pale. Nilikuwa nikifulia nepi.
Walikifukia, hawakukiambia."

Roimata hakubishana nami.
Alingoja siku ya manyunyu, akagonga geti langu:
"Njoo uone."
Tukasimama chini ya mwavuli wake mmoja
tukiitazama mvua ikianguka kwenye ua wangu,
ua niliousakafia saruji kwa ajili ya magari matatu,
ikikosa pa kuzama, ikijikusanya,
ikivuka njia ya miguu, ikiruka wavu wa mtaro,
ikishika njia ya kwa Zorka.
Ilikuwa na rangi ya matairi yangu.
Hakusema neno. Heri angesema.

Agosti, katapila lilipofika kwenye bomba la zamani
lilikuta mizizi, vigae, nusu ya baiskeli,
na mikunga watatu, wanene kama mkono wa Tavita,
walioishi gizani wasijue tuko juu yao.
Mikunga, si wakunga,
ingawa kitu kilizaliwa siku ile:
kazi ilisimama, wanaume wenye kofia za chungwa
wakawapokezana kwa ndoo, kimya,
kama watu wanaobeba mtoto wa mwenzao.

Sasa bomba jipya, mwanangu anasimama ndani bila kuinama.
Kijito kimefunuliwa, mita themanini tu, mawe na matete.
Nusu ya saruji yangu niliivunja mwenyewe kwa nyundo;
nusu nyingine bado ipo. Sijawa malaika.

Zorka hakurudi.
Kiwanja chake kimechongwa kama bakuli
ili kifurike kwa makusudi, kwa niaba yetu sote,
na mlimau wake umeachwa katikati.

Jana usiku ilinyesha tena vile.
Nilitoka na koti la mvua juu ya pajama,
nikakuta maji yamefika magotini pa mlimau,
yakasimama, kama yanasoma kitu,
yakaanza kushuka.
Saa nane za usiku nikampigia simu.
"Yamepita," nikasema.
"Najua," akajibu. "Na wale mikunga?"