Mkono Mpya Ndani ya Punda

Ubao mama wa jumba la karagosi, hapa Kutaisi,
ulikufa Ijumaa jioni bila kuaga,
ukaacha harufu ya sukari iliyoungua.
Kesho saa tano watoto themanini na wawili,
tiketi zimeshakatwa.

Juu ya kasha, karatasi ya gundi, mwandiko wa Jemali:
USIGUSE. IKIFANYA KAZI, IACHE.
Haikuwa inafanya kazi.
Na Jemali yuko Thesaloniki, anapiga plasta nyumba za watu,
simu yake inalia ndani ya koti lililotundikwa mahali.

“Futa, anza moja,” akasema mhasibu.
Rahisi kwake.
Ndani ya diski ile mna taa mia mbili na kumi na mbili,
kila moja na sekunde yake:
mwezi unaochelewa kwa ajili ya goti la Nazibrola,
ngurumo inayomsubiri punda akohoe.
Kampuni iliyotunga programu hiyo ilifungwa zamani,
na sidii ya kuisakinishia, nasikia,
iliwekewa vikombe vya chai mpaka ikapinda.

Nikanunua ubao kwa Bondo, nyuma ya stesheni,
umetumika, na prosesa yake juu,
lari mia na arobaini na ahadi ya mdomo.

Skrubu tisa.
Prosesa ya zamani ilitoka na grisi iliyoganda kama ukoko.
Mpya niliifuta, nikaishusha kwenye soketi, alama kwa alama,
bila kusukuma; ikikaa, hukaa yenyewe.
Grisi, tone la dengu.
Diski sikuigusa. Nilihamisha waya wake tu,
kama umhamishavyo mtoto aliyelala
toka kitanda hiki kwenda kile,
unaomba asifumbue macho.

Saa saba usiku nikawasha.
Feni ikazunguka. Kisha skrini ya buluu,
uso wenye huzuni: kifaa cha kuanzia hakipatikani.
Yaani amefumbua macho, hajui yuko kwa nani.

Nazibrola alikuwa mstari wa tatu, anashona sikio la punda.
“Huyu,” akasema, “mwaka wa tisini na saba
nilivunjika kidole katikati ya onyesho.
Merabi aliingiza mkono wake chini ya meza
wangu ukitoka. Punda alikuwa anaimba.”
“Akanyamaza?”
“Alichelewa neno moja.
Merabi hakuja na punda wake, ndiyo maana.
Aliingia alivyozoea punda.”

Sitasema nilielewa. Nilikuwa na njaa,
na nilishajaribu kila kitu ila kile.
Nikarudi kwenye mipangilio, ukurasa wa hifadhi:
ubao wa Bondo ulikuja na namna yake ya kusoma diski.
Nikairudisha ya zamani, ya Jemali.
Neno moja. Nikahifadhi.

Nukta zikazunguka.
Inaandaa vifaa, asilimia kumi na nane, thelathini na moja,
mfumo ukipapasa gizani, huyu nani, na huyu nani,
hodi ya feni, hodi ya mlango wa sauti.
Mgeni siku mbili, walisema;
huyu alipewa jembe dakika ya tatu.
Ikajizima. Na moyo wangu nao.
Ikawaka.

Picha ile ile ya mbwa wa Jemali,
mafaili yamezagaa kama alivyoyaacha,
saa imerudi mwaka elfu mbili na kumi na tano.
Pembeni, kwa maandishi membamba, inadai leseni:
haiamini kuwa sisi ni sisi.
Hayo tutajibizana Jumatatu.

Asubuhi mwezi ulichelewa kidogo.
Ngurumo ikasubiri. Punda akakohoa.

Saa nane Jemali akapiga: “Simu tisa! Kuna nini?”
Hakuna, nikamwambia.
Nilitaka kujua mbwa wako anaitwa nani.