Mstari wa Mia Tatu na Arobaini

Alhamisi, saa moja usiku, mjini Pécs,
chini ya kiwanda kilichokuwa cha glavu,
tunashuka ngazi kumi na nne.
Moshi wa lehemu hutusalimu kabla ya watu.

Mezani, kompyuta sita za umri wangu:
plastiki iliyokuwa nyeupe
sasa ina rangi ya meno ya mvuta tumbaku,
na herufi zimefutika pale vidole vilipozoea:
A, E, na kile kitufe cha kufuta.
Watu walijuta sana, naona, tangu zamani.

Mke wangu huuliza: mnafufua nini humo?
Simu yako ina nguvu kuliko zote sita
hata ukizidisha mara elfu.
Namjibu: ndiyo. Ndiyo maana.
Wanasema kipya kinyemi ingawa kidonda;
sisi ni watu wa kovu.

Wiki iliyopita alikuja Piroska,
mwalimu mstaafu wa jiografia,
na kaseti ndani ya soksi ya sufu.
Kwenye lebo, kwa penseli: BÓDOG, MACHI 1986.
"Ya marehemu kaka yangu. Niliiweka redioni
ikapiga yowe, nikaizima.
Tangu siku ile naliogopa yowe lile."

Emőke akaipokea kwa mikono miwili.
Akapangusa kichwa cha kinasa kwa spiriti,
akakaza skrubu robo,
akalegeza nusu ya robo,
akabonyeza.

Likaja.
Mchanga ukimwagwa juu ya bati, bila kukoma.
Sisi tulitabasamu; Piroska alishika kiti.
Kwa sikio ni yowe. Kwa mashine ni kusoma tu,
moja sifuri sifuri moja,
mtoto anayetamka silabi bila kuvuta pumzi.

Lakini mashine yenyewe iligoma. Chipu imekufa,
na kampuni iliyoizaa sasa inauza vigae vya bafu.
Ndipo ikaja zamu yangu.
Kazi yangu, kwa ufupi, ni uongo wenye nidhamu:
naishika kompyuta ya leo, yenye haraka ya mwizi,
naifundisha uvivu wa jana.
Ngoja hapo. Hesabu hadi nne. Sasa chora kijani.
Usijue zaidi ya alichojua mwenzako.
Hata ule mtetemo wa pembeni, uige,
maana kuna mchezo mmoja
ambao vipepeo wake huruka kwa hitilafu ile tu.

Skrini ikaamka, bluu.
NI NANI HUYO?
Akaandika jina lake kwa kidole kimoja.
KARIBU, PIRI. MAKAA, MAGUNIA MANGAPI?

Haukuwa mchezo. Lilikuwa daftari la nyumba:
mkate, makaa, dawa za mama,
na chini kabisa, ndani ya kisanduku cha nyota,
IMEBAKI MIEZI KADHAA KUFIKA BAHARINI.
Nchi yetu haina bahari.
Piroska aliifundisha miaka thelathini kwa ramani.

Tivadar ndiye aliyeona, mstari wa mia tatu na arobaini:
makaa yanahesabiwa mara mbili.
Kila mwezi, mara mbili.
Kila mwezi bahari ikirudishwa nyuma.

"Ni alama moja tu," akasema, "naifuta sasa hivi."
"Thubutu," akasema Emőke. "Kosa lake ni mwandiko wake."
Wakabishana kuhusu marehemu
kama warithi wasio na cha kurithi,
hadi Piroska akacheka, machozi yakimtoka:
"Hata supu aliitia chumvi mara mbili.
Acheni."

Tukaacha. Tukatoa nakala tatu,
na kosa katika kila nakala.

Alikwisha vaa koti aliposimama mlangoni
akaomba asikilizishwe tena lile yowe,
lote.
Dakika sita na sekunde ishirini.
Tivadar alitaka kueleza kitu;
Emőke akamkanyaga mguu.