Siku za Dawa Juu ya Jani

Siku ya kwanza haikuchukua muda.
Jelimo alichuma jani la mplamu wa tatu kutoka langoni,
akalitia kwenye chupa ya jemu, akamwingiza nzi,
akafunga kifuniko chenye matundu ya msumari.
Chai haijachemka, nzi yuko chali,
miguu sita imekunjwa.
Akaandika nyuma ya daftari la hesabu:
Jumatatu. Dakika nane. Dawa ina nguvu.

Kiprugut ndiye aliyenipigia, bomba mgongoni,
leso ya mkewe imefunga pua na mdomo,
akitembea kinyumenyume ili upepo wa Elburgon
usimrudishie alichokitoa.
Alipomaliza alinipa kikaratasi, kona imelowa:
usivune kabla ya siku kumi na nne.
Nikaizungushia wino tarehe kwenye kalenda ya ushirika.

Siku ya nne, nusu saa.
Nzi alipepesuka kama mlevi wa malipo ya pareto,
akaanguka, akainuka,
akaanguka.

Siku ya sita akaja Gicheha na pikapu, kreti tupu zikigongana.
"Mama, Nakuru nzima haina plamu wiki hii."
Akanitajia bei. Nikamwomba airudie.
"Mvua ya leo itaosha. Nani atajua?"
Nikaona karo ya Kibet, yote, mpaka viatu.
Nikatazama matunda: mekundu, yameshiba,
yamepakwa ule unga mweupe
ambao hujui ni wa tunda lenyewe
au ni mkono wa Kiprugut.

Jelimo hakusema neno.
Alikuja akaiweka chupa juu ya boneti.
Ndani nzi alikuwa anakufa, bila haraka.
Gicheha akacheka, akainama kutazama,
akaacha kucheka.
Akasema labda ajaribu Molo.

Usiku huo nilimchukia mtoto wangu kidogo.
Mvua ilinyesha kweli, ile ya kupiga mabati
mpaka mnasikilizana kwa midomo.

Asubuhi akachuma majani mawili:
la kileleni, lililooshwa na kila tone,
na la ndani, karibu na shina, lililojificha.
Nzi wa kileleni akatembea huku na huku, akajisugua mikono.
Nzi wa ndani akafa kabla ya saa nne.
Mti mmoja, mvua moja.
Na pale nchani, vijani vitatu vya kijani cha maji,
vilivyochipuka baada ya bomba kupita:
hivyo hata havikuwa na habari.

Ndivyo tulivyo sisi wenye miti.
Tunaiomba dawa ikae, isitoke, ing'ang'anie
kiwavi akirudi aikute mlangoni;
halafu kwa mdomo uleule tunaiomba iondoke,
iyeyuke na jua, ishuke na maji,
isimguse mtoto wa mtu sokoni.
Ikae. Iondoke.
Sijui dawa hutusikiaje.

"Chupa yako si maabara," nilimwambia Jelimo.
"Nzi akipona haimaanishi mtu amepona.
Tutafuata kikaratasi."
Akasema anajua. Akaendelea kuandika.

Siku ya kumi na nne tulivuna.
Bei ilikuwa imeshuka nusu. Kreti kumi na moja.
Niliosha plamu moja mara mbili, nikamkatia,
tukala tumesimama, maji yakitiririka hadi viwikoni.
Alipogeuza jani, chini yake vidukari walikuwa wamerudi,
familia nzima, wamepanga foleni kwenye mshipa.

Ng'ambo ya ua Kiprugut alikuwa anakohoa,
kile kikohozi chake kikavu cha tangu masika.
Leso imeanikwa kwenye waya,
mkewe ameifua tena.

Jelimo akafungua ukurasa mpya.
"Mama, na kwa anayepiga,
inakaa siku ngapi?"
Nikakichukua kikaratasi, nikakisoma mbele na nyuma,
hata yale maandishi madogo ya kona iliyolowa.