Mkono wa Kulia

Munguriek, leo hatuna haraka.
King'ora cha kiwanda kimelia, kimewaita wengine.
Mama yako kashuka sokoni na beseni la nyanya,
katuachia sufuria na neno moja:
asile sakafu.

Basi keti. Mkeka huu. Bakuli hili la bati,
lenye picha ya ua lililobanduka nusu.
Nimekupondea matoke na karanga,
na unga wa mukene kiasi cha kujaa ukucha,
nikapuliza mpaka mvuke ukakubali.
Kijiko alikipinda Ozelle wa karakana,
shingo ikageuka kidogo kutazama kinywa chako.
Chuma, alisema, hufundishika kikiwa moto.
Hakusema mtoto hufundishika akiwa nini.

Shika.
Siyo hivyo, hiyo ngoma.
Siyo hivyo pia, hilo sikio.
Chota. Inua. Taratibu,
taratibu, baba,
ah.

Kijiko kimeondoka kimejaa, kimefika kitupu.
Safari ya shibiri moja
na mzigo wote umemwagika njiani
kama lori la miwa kwenye kona ya Mutai.
Haba na haba, walisema wahenga;
hawakusema haba ngapi huishia kwenye nyusi.
Kuku wa jirani amesimama mlangoni
kwa mguu mmoja, kama mdai.

Tena.

Nimeona. Usidhani sijaona.
Mkono ulioinuka ni wa kushoto.
Bibi yako angekuwa hapa, si kule Nebbi,
angeupiga kofi jepesi, kofi la mapenzi,
aseme huo si mkono wa mezani.
Wangu aliufunga kwa kitambaa cha kitenge,
msimu mzima wa mtama, mpaka ukasahau.
Nikala kwa wa kulia,
nikasalimia kwa wa kulia,
nikaupeleka kazini ukiwa mzima,
na Machi, zamu ya usiku, roli za kusagia miwa
zikauonja.

Vidole vitatu, Munguriek.
Mkono wa kulia, waliniambia, ni wa kulia chakula.
Hawakuniambia lugha yetu ina uchoyo wa maneno,
kwamba neno hilo hilo ndilo la machozi.
Fidia inakuja, husema karani,
naye hunena akitazama dirisha.

Nikaanza upya nina miaka thelathini na mmoja.
Nilitafuta mdomo wangu kwa kijiko nikapata kidevu.
Mchuzi ulinishuka shingoni,
na mama yako, mwenye adabu,
akakumbuka ghafla kwamba moto unataka kuni.
Wewe ulikuwa mgongoni mwake, umefungwa, unanitazama.
Ni wewe tu hukugeuza uso.

Kwa hiyo sitakufunga kitambaa.
Njia ya kushoto naijua, ina mashimo lakini inafika.
Chota. Mimi nami nachota,
yai langu hili, kijiko changu hiki.
Tuko darasa moja, dawati moja,
wewe umeingia kwa miezi kumi na moja,
mimi nimerudia mwaka.

Sasa tazama:
kimepita shavu, kimegonga pua,
kimesita,
kikaingia.
Kimeingia kichwa chini miguu juu, hakina kitu,
punje moja tu ya karanga imeng'ang'ania ukingo,
na wewe umefumba macho
unatafuna, unatafuna,
huna hata jino la kutafunia,
kama mtu aliyelipwa haki yake yote na riba.

Sitasema kitu. Sitapiga makofi, utashtuka.
Nitaokota tu lililookoteka kwenye mkeka,
nitafuta nyusi, zako halafu zangu.

Mama yako akirudi atauliza nani amekula.
Tutatazamana, mimi na wewe.
Kuku naye, tumbo limemjaa, atanyamaza.